Naomba ushauri: kuandikishwa kwenye nyumba ya mtu huku Hispania

Mchuma Machungwa:
Wakuu heshima kwenu. Naandika saa 7 usiku, usingizi umegoma. Nipo Hispania, mji mdogo mkoa wa Castellón, pwani ya Mediterania, eneo la mashamba ya machungwa na viwanda vya vigae. Nilikuja Agosti 2023 kwa viza ya kutembea, wiki ya kwanza tu nikaingia shambani, na mpaka leo sijarudi.

Kwanza mjue huku kukoje ndipo mtanielewa. Trafiki wa huku hakuombi kitu. Nesi hakuombi kitu. Mimi nisiye na karatasi nilishonwa nyuzi tisa kwenye kidole usiku wa manane, nikapewa dawa na karatasi ya maelezo, sikutoa hata senti. Miezi ya mwanzo nilikuwa nawaandikia ndugu kwamba nimefika nchi isiyo na rushwa.

Ukikaa ndipo unaanza kuona. Fundi bomba akimaliza kazi anauliza, na risiti au bila risiti? Bila risiti unakwepa kodi ya asilimia 21, na huyohuyo asubuhi alikuwa baa anawatukana wanasiasa wezi mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Ajira ya halmashauri ikitangazwa watu hawahangaiki kuomba, wanasema fulani ana "enchufe", yaani soketi ya umeme, kashachomekwa. Miadi ya ofisi ya uhamiaji ni bure mtandaoni, ila ukifungua wiki nzima hakuna nafasi hata moja. Ukimwona mtu fulani, nafasi ipo, andaa yuro. Na hakuna anayeiita rushwa. Wanaiita msaada.

Mambo haya yanapangwa saa 4 asubuhi. Saa hiyo mji wote unasimama, watu wanakaa baa na mkate mrefu uliojazwa nyama, karanga za maganda, zeituni, halafu kahawa yenye ramu iliyowashwa moto. Hapo utamkuta fundi, karani, mwenye shamba na polisi wa mji meza moja. Mimi naosha vyombo jikoni kwenye baa ya namna hiyo tangu nitoke shambani, nawasikia kila siku.

Sasa shida yangu. Huku kuna daftari la wakazi la halmashauri, wanaliita padrón. Usipoandikwa humo wewe ni kama hupo. Ndilo linaloonyesha umekaa muda gani, na tangu Mei 2025 sheria mpya imepunguza muda wa kuomba kibali cha arraigo (maana yake kuota mizizi) kutoka miaka 3 hadi 2. Mama mwenye baa yuko tayari kunipa mkataba wa kazi. Ila mwenye chumba ninacholala hataki niandikishwe kwake. Kuna mzee mmoja mstaafu, mstaarabu sana, Jumapili hakosi kanisani, anaweza kuniandikisha kwenye nyumba yake. Nauliza, hilo ni kosa kubwa au mambo ya kawaida? Na halmashauri huwa wanafuatilia kweli wakishatuma barua? Mlioko Ulaya nisaidieni.

Nipo Paleee:
Nimeshavuta kiti. Mkuu, hiyo kahawa yenye ramu iliyowashwa moto ni bei gani?

Mama Tatu:
Mwanangu, rushwa ni rushwa hata ikivaa suti. Mimi hapa Ilala niliwahi kuhitaji barua ya serikali ya mtaa ili mwanangu apate kitambulisho. Barua ni karatasi moja na muhuri. Nikaambiwa mwenyekiti yuko msibani, kesho yuko semina, keshokutwa muhuri umefungiwa. Jirani akaniambia toa elfu tano. Nilikaa kwenye lile benchi siku tatu, siku ya nne mwenyekiti mwenyewe akaona aibu akagonga muhuri. Sikutoa. Mungu hamwachi mja wake. Mwambie huyo mzee ahsante, halafu tafuta njia iliyonyooka.

Kibarua wa Muscat:
Mama Tatu, heshima yako, lakini benchi la Ilala ulikalia ukiwa kwenu. Ughaibuni ni kitu kingine. Mimi nipo Oman mwaka wa saba. Huku wanauza viza wanayoiita huru, kafili, yaani mwenyeji anayekudhamini, anakuandika kwamba unamfanyia kazi wakati hata sura yako haijui, unamlipa, unakwenda kuhangaika kivyako. Siku ukikamatwa unafanya kazi kwingine, kafili anasema huyu katoroka. Nilimwona mtu wa Morogoro analia pale Ruwi kama mtoto, kafili kashafunga simu. Nasemaje, huyo mzee wa kanisani leo ni mstaarabu, siku kikinuka hatakujua.

Mkenya Halisi:
Hata huku Nairobi tuliambiwa kila kitu kiko mtandaoni siku hizi, hakuna foleni. Foleni ilihamia kwa saiba, kwa wale wa kompyuta za kulipia. Boss, kama nchi nzima inafanya hivyo, wewe ni nani uikatae? Ingia, pata karatasi, tubu baadaye.

Dada wa Lavapiés:
Mchuma Machungwa, mimi nipo Madrid mwaka wa kumi na moja. Nimesoma andiko lako mara mbili. Mwanzo unasema mzee "anaweza" kukuandikisha. Mwisho unauliza kama halmashauri wanafuatilia "wakishatuma barua". Barua gani? Mtu ambaye hajaandikishwa hatumiwi barua. Sema ukweli, umeshaandikishwa au bado? Bila hilo tunakushauri gizani.

Nipo Paleee:
Dada kashika kisu kwenye mpini.

Mchuma Machungwa:
Dada nisamehe. Nimeandikwa tangu Februari 2024. Nilimlipa mzee yuro 600, mia tatu siku tuliyokwenda na mia tatu baadaye. Sijalala nyumba ile hata usiku mmoja. Nimeingia mara mbili tu, ina vyumba viwili na kabati la vyombo vya kioo, mzee anaishi mwenyewe na paka.

Barua imekuja Jumanne iliyopita. Mzee kanipigia, sauti imebadilika, hasemi tena "mwanangu". Halmashauri wanasema kwenye nyumba hiyo wameandikwa watu 11 na wametupa siku 15 tujieleze kabla ya kutufuta. Anataka tuje wote Jumatano tusaini kwamba tunaishi pale. Watu 11, wakuu. Nilidhani tupo watatu.

Nisingesema uongo mwanzo, niliogopa mtaniona mhalifu. Lakini jamani mimi ni mhalifu? Mwenye chumba changu anapokea 220 kila mwezi mkononi, hataki nijulikane kwa sababu hatangazi hiyo kodi. Yeye ndiye aliyeniingiza huko. Na tazameni huu mkoa wenyewe. Juu kule vilimani kuna uwanja wa ndege uliogharimu takriban yuro milioni 150. Walikata utepe Machi 2011, ndege ya kwanza ya abiria ya ratiba ikatua Septemba 2015. Mwanasiasa aliyeusukuma, Carlos Fabra, mkuu wa baraza la mkoa, alishinda bahati nasibu mara kadhaa kwa maelezo yake mwenyewe, mwisho akahukumiwa miaka 4 kwa kukwepa kodi. Baa watu wanasimulia hadithi hiyo wakitabasamu. Halafu mimi wa 600, za kuandikwa jina tu mahali ambapo kweli naishi umbali wa mitaa minne, ndiye ninayekosa usingizi?

Msomi wa Kijiweni:
Hapo kwenye "wakitabasamu" nikatae kidogo. Umetaja Fabra, malizia basi kwamba alilala jela. Hispania hiyohiyo mwaka 2006 serikali kuu ililivunja baraza la mji wa Marbella zima kwa ufisadi wa viwanja. Mei 2018 mahakama ikatoa hukumu ya kesi ya Gürtel, iliyohusu zabuni na fedha za chama tawala, na tarehe 1 Juni bunge likamwondoa Waziri Mkuu Rajoy. Mwezi huohuo Urdangarin, shemeji yake mfalme Felipe, akaingia gerezani. Shemeji wa mfalme! Kwetu hapa shemeji wa diwani tu hujaribu kumgusa. Kwa hiyo hoja ya "wakubwa wanaiba" haikusaidii, kwa sababu huko wakubwa wanafikiwa, tena mtu asiye na karatasi atafikiwa mapema zaidi.

Mkenya Halisi:
Msomi, wakubwa wanafikiwa baada ya miaka kumi na wakili watano. Huyu ana siku 15 na ndoo ya vyombo.

Kisiki cha Mkaa:
Samahani nikatize. Mimi ninanusa chai hapa. Soma mwanzo: amefika Agosti, "wiki ya kwanza tu nikaingia shambani". Jina lake Mchuma Machungwa. Wakuu, machungwa ya Castellón hayachumwi Agosti. Ni tunda la kuanzia Oktoba na kuendelea, Agosti yapo mtini kijani kama ndimu. Halafu nyuzi tisa kwenye kidole kimoja? Kidole cha tembo? Halafu mzee wa kanisani, paka, kabati la vioo... hii ni hadithi imepangwa, tunasubiri sehemu ya pili yenye namba ya simu ya kuchangia.

Nipo Paleee:
Nilijua. Nimeamka usiku kusoma chai.

Kibarua wa Muscat:
Kisiki umenishtua. Kuna uzi kama huu mwaka jana, jamaa alikuwa Italia kwenye nyanya, mwisho akaomba nauli.

Mama Tatu:
Hata kama ni ya kutunga mimi nimeshamwombea.

Mchuma Machungwa:
Kisiki, siombi hata shilingi na sitaomba. Ila usiniite mwongo kwenye jambo hilo, maana ndilo pekee nililolijua kwa mikono yangu.

Agosti sikuchuma. Agosti nilikata machipukizi, yale matawi yanayopanda wima katikati ya mti na kunyonya maji bila kuzaa. Unaingia ndani ya mti umeinama, jua linapiga, majani yanakukwaruza shingo. Kuchuma nilianza Oktoba. Na hata kuchuma hujui unavyosema kuchuma. Chungwa dogo la huku halivutwi. Linakatwa kwa koleo ndogo iliyopinda, unaipitisha juu ya tunda mpaka ibaki ile nyota ya kijani tu, bila kikonyo. Ukiacha kikonyo hata cha punje ya mchele, kinamtoboa mwenzake ndani ya kreti, na lililotobolewa likioza linaozesha kreti nzima njiani. Msimamizi alikuwa anapitisha kiganja juu ya kreti, akikwaruzwa tu, kreti hiyo hulipwi.

Na umande. Asubuhi tunda likiwa na maji haliguswi, litaoza. Kwa hiyo tunafika saa 1, tunakaa kwenye gari watu tisa hadi saa 4 jua likaushe, na masaa hayo hayalipwi. Ndiyo maana kidole kilikatwa: siku ya tatu, nina haraka ya kufidia masaa. Ile koleo ilipita kwenye kidole cha shahada na kushuka hadi kiganjani. Nyuzi tano kidoleni, nne kiganjani. Nilisema kidole kwa kufupisha.

Kisiki cha Mkaa:
Nyota ya kijani. Nimekwenda kutazama machungwa ya dukani hapa, ni kweli yana nyota. Naondoa neno langu la machungwa. La mzee na paka bado.

Dada wa Lavapiés:
Kisiki, wenye nyumba za watu 11 huku si hadithi. Kila mwaka polisi wanatangaza wamevunja magenge ya kuuza anwani na miadi. Mimi sijali kama ana paka. Ninachojali, Mchuma, kuna kitu bado umekibana. Uliandika "nilidhani tupo watatu". Wewe mmoja. Mzee wa pili. Wa tatu nani?

Nipo Paleee:
Huyu dada angekuwa mpelelezi.

Mchuma Machungwa:
Ni dogo, mtoto wa mama mdogo. Alikuja mwaka jana. Nilimpeleka mimi kwa mzee. Alilipa 500, mzee akanirudishia mia, akasema ni ya kahawa. Nikaipokea.

Ile mia nilimtumia mama, aliezeka jiko. Sikuona kama nimemuuza mtu. Dogo alikuwa analala stoo ya kiwanda, nilitaka aanze kuhesabiwa siku zake. Mkinihukumu nihukumuni, lakini mngekuwa hapa mngefanya hivyohivyo. Jumatano nafikiri twende tusaini, tukae kimya, wapite. Mzee anasema karani ni mtu wake wa saa 4.

Mama Tatu:
Mwanangu. Ile mia ndiyo inayokunyima usingizi, si barua.

Mkenya Halisi:
Nimefuta ushauri wangu wa kwanza. Usisaini kitu.

Dada wa Lavapiés:
Sasa tunaweza kuongea. Nisikilize kwa makini, mimi nilipita huku na nimesindikiza wengi.

Usisaini Jumatano. Hadi leo wewe ni mtu aliyenunua anwani. Ukisaini unakuwa mtu aliyedanganya ofisi ya umma kwa maandishi, baada ya kuulizwa. Karani wa saa 4 atakunywa kahawa yake na mzee, jina litakalobaki kwenye karatasi ni lako. Na hicho cheti usikiambatishe kwenye maombi ya arraigo. Uhamiaji wakigundua nyumba ya watu 11, hata ukweli wako wote utatiliwa shaka.

Pili, umeambiwa mwenye chumba akikataa basi huandikishwi. Si kweli, na wengi tumelipa kwa kutolijua hilo. Daftari linatakiwa kuonyesha mtu anaishi wapi hasa, si nani mwenye nyumba. Maelekezo ya serikali ya mwaka 2020 yanasema wazi kwamba halmashauri haina kazi ya kuchunguza haki yako juu ya nyumba, ina kazi ya kujua kama unalala humo. Huna mkataba wa pango? Omba waje wahakikishe, watume polisi wa mji aone kitanda chako na viatu vyako. Hata asiye na paa kabisa anaandikishwa. Makarani wengine watakwambia haiwezekani. Omba wakupe jibu hilo kwa maandishi. Wengi hapo sauti inashuka.

Tatu, miaka miwili haithibitishwi kwa daftari peke yake. Karatasi yoyote rasmi yenye jina lako na tarehe inasaidia. Ulishonwa lini?

Mchuma Machungwa:
Oktoba 2023. Karatasi ya hospitali ninayo, ina damu pembeni.

Dada wa Lavapiés:
Ina jina na namba ya pasipoti?

Mchuma Machungwa:
Jina, tarehe ya kuzaliwa, pasipoti. Muhuri.

Dada wa Lavapiés:
Hiyo karatasi yenye damu ina uzito kuliko yuro 600 za mzee. Pesa ulikuwa unamtumia mama kwa njia gani?

Mchuma Machungwa:
Kwenye kibanda cha kutuma fedha, kila mwezi. Wanaandika pasipoti. Risiti nimezihifadhi kwenye kopo la maziwa, sijui kwa nini. Nadhani zipo zote, tangu Novemba 2023. Na nilisoma Kihispania darasa la jioni la parokia, Januari hadi Juni 2024, walitupa cheti.

Msomi wa Kijiweni:
Jamaa ana faili kamili ndani ya kopo la maziwa, kaenda kununua anwani.

Dada wa Lavapiés:
Msomi mwache, hakuna aliyemwambia. Hilo ndilo linaloniuma kwenye hii biashara. Anayeuza anwani anauza kitu ambacho mtu tayari anacho.

Mchuma, zinyooshe hizo risiti, zipange kwa mwezi, zile zinazofifia wino zitolee nakala leoleo. Halafu usiende kwa mtu wa baa. Chama cha wafanyakazi cha CCOO kina ofisi za ushauri kwa wahamiaji, Cáritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, nao wana wanasheria. Usipoweza kumlipa wakili uliza pia juu ya msaada wa kisheria wa serikali. Waambie yote, pamoja na anwani ya mzee, ili wao ndio waamue namna ya kujibu barua ndani ya siku 15. Na dogo aende na wewe. Yeye hajafikisha miaka miwili, ana muda wa kuanza upya mahali anapolala kweli.

Mchuma Machungwa:
Na mia yake?

Mama Tatu:
Hiyo hata mwanasheria usimuulize.

Kibarua wa Muscat:
Nilikuwa na ndugu aliyenipeleka kwa kafili na kuchukua chake. Aliniambia baada ya miaka minne. Bora angeniambia siku ileile. Mwambie dogo leo.

Kisiki cha Mkaa:
Mleta uzi, bado sina uhakika na paka, ila ukifanikiwa leta mrejesho.

Mchuma Machungwa:
Wakuu, mrejesho mfupi, nipo kwenye mapumziko ya jikoni.

Nilimwambia dogo jana usiku kupitia simu. Alinyamaza muda mrefu, nikasikia mashine za kiwanda nyuma yake. Akasema "sawa kaka", akakata. Leo asubuhi nimempelekea mia getini. Ameipokea bila kunitazama.

Mzee amepiga mara nne, sijapokea. Saa 4 alikuja baa, akaagiza mkate wake, akakaa meza ya kawaida pamoja na karani. Mama mwenye baa kaniambia nibaki ndani, atahudumia mwenyewe.

Nimepata nafasi kwa wanasheria wa chama, bure, Alhamisi saa 3 na robo. Dogo nimemtumia anwani. Ujumbe umesomwa, hajajibu.

Dada wa Lavapiés:
Nenda hata akikawia. Na kopo lote ulibebe.